Kiti, Kiu na Kidonge: Mazoea ya Ofisini Yanavyofika Kwenye Figo



Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi dunia huadhimisha Siku ya Figo. Siku hiyo tumezoea kuwazungumzia waliokwisha kuugua: mama anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kijana anayetafuta ndugu wa kumtolea figo, familia iliyouza shamba ili mzee wao aishi. Wanastahili kuzungumziwa. Lakini leo nimeomba nafasi hii niwazungumzie wale ambao bado wako kazini: karani wa benki, mhasibu, mwalimu anayesahihisha madaftari, mtumishi wa halmashauri, kijana wa kompyuta, dada wa mapokezi. Hawa huketi tangu asubuhi mpaka jioni, na wengi wao hawana habari kwamba figo zao zinahusika na namna wanavyoketi, wanavyokunywa na wanavyomeza dawa.

Hoja yangu ni moja. Kiti peke yake hakiui figo. Kinachoziumiza ni mazoea yanayozaliwa pale kitini: kukaa bila kuinuka, kuzuia kiu na haja, na kumeza vidonge vya maumivu bila kumuuliza mtu. Mazoea hayo hupitia kwenye presha, kwenye sukari na kwenye mishipa ya damu hadi yakafika kwenye figo, nazo figo hazisemi. Kwa hiyo mtu wa mezani anayengoja dalili ndipo aende hospitali amekwisha kuchelewa. Hana budi kupima angali mzima.

Nitasema kwanza juu ya figo zenyewe, kisha juu ya kiti, kiu na kidonge, na mwisho juu ya kipimo.

Figo na ukimya wake

Figo zetu ni mbili. Ziko upande wa mgongoni, chini ya mbavu, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Kila moja ina urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 150 hivi. Ni ndogo, lakini moyo huzipelekea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote unayoisukuma kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo viitwavyo nefroni, karibu milioni moja. Kwa siku nzima vichujio hivyo hupitisha lita 180 hivi za maji yatokayo kwenye damu. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja na nusu au mbili, na huo ndio mkojo.

Kuchuja taka ni kazi moja tu kati ya nyingi. Figo hupima chumvi na maji yanayobaki mwilini, na kwa hivyo husaidia kuongoza presha. Hutoa homoni inayouagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Huiamsha vitamini D ili mifupa ipate kalsiamu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu, mifupa yake hudhoofika, na presha yake hupanda.

Nefroni ikifa, nyingine haioti mahali pake. Zilizobaki hubeba kazi ya zilizokufa, kila moja ikichuja kupita kiasi chake, na kwa kuzidiwa huko nazo hufa mapema. Kwa sababu zilizobaki hufidia, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake na bado akaamka, akaoga, akaenda kazini, akacheka na wenzake. Miguu inapovimba, mkojo unapotoa povu lisiloisha, ngozi inapowasha na chakula kinapomchukiza, ugonjwa umekwisha kuwa wa miaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ugonjwa huu, mgonjwa hafichi kitu. Kiungo chenyewe ndicho kinachomficha.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro. Watafiti waliwapima damu na mkojo watu wazima wa mjini na wa vijijini. Kwa jumla, watu 7 katika kila 100 walionekana kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Lakini vijijini walikuwa 2 katika 100, na mjini walikuwa 15. Katika wale wenye ugonjwa, ni mmoja tu kati ya kumi hivi aliyekuwa anajua kwamba anaumwa. Mji una mambo mengi, na sitasema kwamba kiti ndicho kilicholeta tofauti hiyo yote. Nasema tu kwamba maisha yanayowakusanya watu mjini, pamoja na kazi za kukaa, yana kitu kinachozigusa figo, na kwamba wengi wa walioguswa hawajui.

Kiti

Hofu ya kukaa sana si ya leo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha huko Modena kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Kati ya wachimba madini na wafinyanzi aliwataja pia waandishi na makarani, akaeleza kwamba kuketi daima ni moja ya mambo yanayowaletea maradhi. Ilichukua zaidi ya karne mbili jambo hilo kupimwa kwa hesabu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Mabasi yalikuwa yale yale, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata walipougua, kwa kawaida ugonjwa haukuwa mkali kama wa madereva.

Mtasema: huo ni moyo, sisi tumekuja kusikia habari za figo. Lakini figo ni mkusanyiko wa mishipa midogo ya damu. Chochote kinachoharibu mishipa ya moyo kinaiharibu na ya figo. Na mwaka 2012 watafiti wa Leicester, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa maelfu ya watu wa umri wa kati na wazee ambao ulizihusu figo moja kwa moja: waliokaa muda mfupi zaidi kwa siku walikutwa na ugonjwa sugu wa figo kwa uchache kuliko waliokaa muda mrefu. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanawake, na kwao ulibaki hata mazoezi yao yalipoingizwa katika hesabu. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kukaa ndiko kulikoleta ugonjwa, kwa kuwa huenda aliyekwisha kudhoofika ndiye anayekaa zaidi. Unatosha, hata hivyo, kutuonya.

Njia inayounganisha kiti na figo inajulikana vizuri. Misuli mikubwa ya mapaja na miguu ndiyo mlaji mkuu wa sukari ya damu. Mtu akikaa, misuli hiyo hulala, sukari hubaki kwenye damu, na kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi. Miaka ikipita, insulini huishiwa nguvu na kisukari huingia. Sukari nyingi huharibu kuta za vichujio vya figo, vikaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Wakati huo huo uzito wa tumbo huongezeka, presha hupanda, na presha ya juu huzipiga nefroni bila kupumzika. Kisukari na presha ndivyo visababishi vikuu viwili vya figo kushindwa kazi duniani.

Kisha fikirieni tunachokula pale mezani. Mchana ni chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, zikaongezwa sosi, na soda ya nusu lita. Soda hiyo ina gramu 50 hivi za sukari, zaidi ya vijiko kumi vya chai. Saa kumi ni karanga za chumvi na chai yenye vijiko vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, supu na viungo vya pakiti. Wengi wetu huimaliza kabla ya jua kutua. Chumvi iliyozidi huvuta maji mwilini na kupandisha presha, na mzigo huo huishia kwenye figo.

Habari njema ni kwamba misuli huamka upesi. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha jaribio dogo la watu 19 wenye uzito uliozidi. Walipokaa saa nyingi mfululizo baada ya kula, sukari yao ilipanda sana. Walipoinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea polepole dakika 2 tu, ongezeko hilo lilipungua kwa karibu robo. Hawakuvaa viatu vya michezo wala kutoka jasho. Basi mtu aliye mezani apokee simu amesimama, apeleke faili kwa miguu yake badala ya kuita mtu, ashuke kituo kimoja kabla ya ofisi. Mazoezi ya Jumamosi ni mema, na Shirika la Afya Duniani linataka tutimize walau dakika 150 za mwendo wa kati kwa wiki, lakini Jumamosi moja haiwezi kulipia siku tano za kutoinuka.

Kiu

Jambo la pili hatulisemi kwa sababu ya haya. Watu wengi maofisini hujinyima maji kwa makusudi, na sababu ni choo. Choo kiko ghorofa nyingine, au kimefungwa na ufunguo anao bosi, au hakina maji, au wanawake na wanaume wanakitumia kimoja na mlango haufungi. Keshia hawezi kuacha dirisha. Mwalimu hawezi kuacha darasa. Basi mtu anaamua: bora nisinywe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu walimu wa kike nchini Marekani uliligusa jambo hili hasa. Waliokunywa maji kidogo kazini ili wasilazimike kwenda chooni walipata maambukizi ya njia ya mkojo zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwaka 2018 likachapishwa jaribio la wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na maambukizi hayo mara kwa mara na ambao walikuwa wakinywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima, na maambukizi yao yakapungua kwa karibu nusu. Maambukizi ya kibofu kwa kawaida hutibika. Hatari ni pale yanapopanda hadi kwenye figo, mtu akashikwa na homa, kutetemeka na maumivu makali ya kiunoni. Hapo si suala la kununua vidonge dukani. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mawe ya figo nayo yanapenda mkojo mchache na mzito, kwa kuwa madini yaliyomo hukutana na kugandana. Huko Parma, Italia, madaktari waliwafuatilia kwa miaka mitano watu waliowahi kupata jiwe mara moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Walioelekezwa kunywa maji hadi watoe angalau lita mbili za mkojo kwa siku, jiwe liliwarudia watu 12 katika 100. Walioachwa na mazoea yao, liliwarudia 27 katika 100.

Hata hivyo naomba tusivuke mpaka wa tunachokijua. Kuna mafundisho yanayozunguka kwenye simu kwamba ukinywa lita nyingi za maji kila asubuhi utasafisha figo na hutaugua. Hayo si kweli. Madaktari wa Canada waliwashauri wagonjwa waliokuwa tayari na ugonjwa sugu wa figo wanywe maji zaidi, wakawafuatilia mwaka mzima. Matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha kwamba figo zao hazikudhoofika polepole zaidi kuliko za wengine. Na mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kutoa maji, au mwenye moyo dhaifu, akinywa kupita kiasi huvimba na kukosa pumzi. Maji hukinga mawe na maambukizi. Hayatibu presha, hayafuti kisukari.

Kiasi gani, basi? Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu, umekunywa vya kutosha. Ukiwa mzito na wa rangi iliyokolea saa sita mchana, umejinyima. Mwenye kufanya kazi ndani ya kiyoyozi ajihadhari zaidi, maana asipohisi joto husahau kunywa. Chai na kahawa huhesabiwa pia kuwa vinywaji. Tatizo ni sukari tunayozitilia.

Kidonge

Nimefika kwenye zoea ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa linaonekana kama tiba. Mtu akikaa vibaya saa nane, mgongo na shingo humuuma. Akitazama skrini mchana kutwa, kichwa humuuma. Jirani wa meza anafungua droo: chukua hiki, mimi hunisaidia. Kesho anakwenda mwenyewe duka la dawa, hana cheti, anauziwa. Baada ya miaka miwili anatembea na pakiti ya diklofenaki mfukoni.

Historia imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Katika mji wa Huskvarna, kusini mwa Sweden, palikuwa na kiwanda kikubwa. Wakati wa homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, daktari wa pale aliyeitwa Hjorton aliwaandikia watu dawa ya unga iliyochanganya fenasetini, fenazoni na kafeini. Homa ikapita, unga ukabaki. Wafanyakazi waliendelea kuutumia kwa miongo kadhaa, wengi bila maumivu yoyote, kwa kuamini kwamba unawapa nguvu ya kazi. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Uswisi, Spühler na Zollinger, waliandika kuhusu wagonjwa walioharibika figo baada ya kutumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Huskvarna nayo ilipochunguzwa, vifo vya figo vilikutwa vimezidi miongoni mwa waliozoea ule unga. Marekani iliiondoa fenasetini sokoni mwaka 1983. Dawa hiyo imekwenda, lakini zoea la kupeana dawa kazini halijaenda.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya kazi kwa kuzuia kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu na uvimbe, na ndizo pia zinazousaidia mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio cha figo ubaki wazi, hasa mwili unapokosa maji. Zikizuiwa, mshipa hujibana na damu inayofika figoni hupungua. Mtu mwenye afya akimeza kwa siku chache kwa kipimo sahihi, kwa kawaida hapati madhara. Lakini mtu asiyekunywa maji tangu asubuhi, au mzee, au anayetumia dawa za presha zikiwemo za kukojoza, au ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika bila yeye kujua, anaweza kuziangusha kwa siku chache tu. Dawa hizo pia hupandisha presha. Angalieni jinsi mazoea yanavyoshikana: kiti kimeleta maumivu, choo kimeleta kiu, kidonge kimekuta figo zimekaukiwa.

Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, ni salama zaidi kwa figo. Na dawa ya kweli ya mgongo wa ofisini ni kurekebisha kiti na meza, na kuinuka.

Niongeze neno juu ya chai na dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa maofisini kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vya mitishamba vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, na wengi wao wakahitaji kusafishwa damu au kupandikizwa. Kitu kuitwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Usimeze ambacho muuzaji hawezi kukuambia kina nini.

Kipimo

Yote niliyosema yanaishia hapa. Kwa kuwa figo hazisemi, tuziulize wenyewe, na maswali ni matatu.

La kwanza ni presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu hata kama hujisikii lolote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo.

La pili ni mkojo, kuangalia kama unavujisha protini iitwayo albumini. Ndiyo dalili ya mapema kuliko nyingi, nayo hupimwa bila sindano.

La tatu ni damu, kupima kreatinini. Usiridhike kuambiwa namba ya kreatinini tu. Mwombe daktari akukokotolee kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, una ugonjwa sugu wa figo. Kikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa.

Msidhani vipimo hivi ni vya wenye presha na kisukari peke yao. Katika ule utafiti wa Kilimanjaro, karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa wa figo hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Presha na kisukari vikipatikana mapema, zipo dawa zinazopunguza kasi ya kuharibika kwa figo kwa miaka mingi. Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili. Ya kwanza ni kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, maisha yote. Ya pili ni kupandikizwa figo na kumeza dawa kila siku ili mwili usiikatae. Tunajivunia kwamba Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini upasuaji huo haufai kuwa mpango wa mtu aliyeweza kupima mkojo mapema.

Kwa waajiri nasema waziwazi: si haki kumwambia karani anywe maji wakati choo chake kimefungwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinawataka waajiri waweke maji safi ya kunywa na vyoo vya kufaa. Hilo si hisani. Wekeni maji, wekeni vyoo vyenye maji na milango inayofungwa, mpangieni keshia na mwalimu mtu wa kuwapokea kwa dakika tano. Nunueni mashine moja ya kupimia presha iwekwe mahali ambapo kila mmoja anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa.

Na kwako wewe uliyeketi hapa: mwezi huu usiishe kabla hujapima presha, mkojo na kreatinini. Ziandike namba zako, zitunze, na mwakani urudi uzilinganishe. Ukirudi ofisini, mwulize na mwenzako wa meza ya pili lini alipima mara ya mwisho.